Debe Liliponyamaza Tindiga

Redio ilipotangaza kimbunga, kibandani kwangu Mikumi tulikipokea kwa mzaha. Kilikuwa huko baharini kikisogea pwani, na mtangazaji alitaja Mtwara, Lindi, Mafia na Dar es Salaam, sehemu za watu wanaojua kuogelea. Sisi wa Mikumi bahari tunaiona kwenye kalenda. Dereva mmoja wa malori yaendayo Zambia, mteja wangu wa miaka mingi, alisema kwa sauti kubwa kwamba hapa tuna tembo wa kutung'olea migomba na nyani wa kutuibia maandazi, hicho kimbunga kitafute wengine wa kusumbua. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamwongezea wali, kisha nikatoka nyuma ya kibanda nikampigia mama simu.

Mimi si mtu wa kutulia. Napika huku naangalia barabara, nakula nimesimama, na mume wangu husema kitanda chetu mimi nakijua kwa kukitandika tu. Hofu ikinishika huanzia miguuni. Siku ile nilikizunguka kibanda mpaka kuku wa jirani wakahama.

Mama hakuwa pwani. Alikuwa Tindiga, bondeni, upande wa Kilosa, kwenye majaruba yake ya mpunga. Wali ninaouza ulikuwa wa kwake, na harufu yake wateja waliisikia kabla hawajashuka kwenye magari. Mpunga wake wa msimu ule ulikuwa umeshatoa mashuke, punje zimeanza kukaza, na hicho ndicho kipindi ambacho mkulima wa Tindiga huhamia shambani. Asipohamia yeye, watahamia ndege.

Kazi hiyo tunaiita kuamia ndege. Unajenga dungu, kichanja cha miti kilichoinuka juu ya mpunga na kuezekwa nyasi, unapanda kabla jua halijachomoza, na unakaa huko juu na debe tupu na kipande cha ubao. Wakija kwelea kwelea, ndege wadogo wasio na haya hata kidogo, unalipiga debe mpaka wanyanyuke waende kwa jirani. Jirani naye anapiga, wanarudi kwako. Ni ugomvi wa kutwa nzima, na mama alikuwa anaupenda kuliko alivyokubali kusema.

Lakini debe lina kazi nyingine ambayo hakuna aliyeitunga, imezoeleka tu. Kila mkulima pale bondeni ana mpigo wake. Wa mama ni mitatu ya haraka, halafu mmoja mzito. Asubuhi anayetangulia kupanda dungu hupiga, anayefuata humwitikia, na mwingine, na mwingine, mpaka bonde lote liwe limeamkiana. Asiyeitikia huendewa. Pengine kapitiwa na usingizi, pengine ana homa, pengine kakutana na nyoka kwenye ngazi. Mtu huacha mpunga wake uliwe akaenda kumtazama mwenzake, na hilo halina mjadala. Anayepiga yu mzima, hakuna anayehangaika naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nini, mbona unahema?"

"Umesikia habari za kimbunga?"

"Nimesikia. Kiko baharini."

"Toka shambani, nenda kwa kaka mpaka kipite."

"Na ndege wangu?" aliuliza, utadhani anazungumzia kuku aliowafuga mwenyewe.

Kaka yangu anaishi Kilosa mjini, ni bodaboda. Nilimsumbua kwa simu mpaka akaona heri aende. Alimchukua mama pamoja na debe lake, maana mama alikataa kuliacha. Hakuwa peke yake. Kijiji kilikuwa kimepitiwa na kipaza sauti, watu wakaombwa waondoke bondeni, na safari hii waliondoka kweli. Wengine walipanda shuleni kwenye mwinuko, wengine walikwenda kwa ndugu. Kisha ikaja mvua. Ilinyesha mfululizo, bila radi na bila papara. Mikumi malori yalipanga foleni kwa sababu mbele barabara ilikuwa imekatika, na mimi niliuza kuliko siku zote huku moyo wangu haupo. Kila nikimpigia mama alilalamika kwamba kwa kaka hakuna kazi ya kufanya.

Ndipo redio ikasema kimbunga kimefika nchi kavu na kuishiwa nguvu. Kwamba si tishio tena. Tangazo lile lilikuwa la kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu sina wa kumlaumu. Lilikuwa linazungumzia upepo. Watu wa bondeni walisikia neno moja tu, kwamba kimekwisha, na kesho yake jua likatoka Kilosa nzima, jua zuri la kuanikia. Sisi tuliozaliwa bondeni tuna kosa letu la kurithi: tunaitazama mbingu iliyo juu ya vichwa vyetu. Mvua inayotuangamiza hainyeshi kwetu. Inanyesha milimani, kwa watu tusiowaona, na inatufikia baadaye kwa njia ya mto, sisi tukiwa tumeshaanua nguo.

Isitoshe, ndege walikuwa wameshinda na njaa siku zote za mvua. Kila mtu alijua kwamba jua likitoka watashuka wote kwa pamoja. Kwa hiyo watu nao walishuka wote kwa pamoja.

"Ukamrudisha wewe mwenyewe?" nilimuuliza kaka kwenye simu jioni ile.

"Ningemfunga kamba? Anaona wenzake wanapita na madebe yao, anakwenda kusimama barabarani kama mtoto aliyeachwa na gari la shule. Nikampakia."

 Nilikata simu bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nachambua mchele. Kaka akapiga, na kabla hajasema nilishasimama.

"Maji yameingia Tindiga. Mama hapokei."

Niliacha sufuria motoni. Sikumbuki kama nilimwambia mtu aiangalie. Nilipanda bodaboda ya kwanza niliyoiona, nikamwambia kijana anipeleke njia ya Kilosa mpaka atakaposhindwa. Alishindwa kwenye kalavati lililokuwa limechukuliwa na maji, barabara imebaki na mdomo wazi. Wanaume wa kijiji cha hapo walikuwa wameshikana mikono kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, wanavusha watu, na mimi nilivuka nimewashika hawa na wale, kandambili moja ikaenda na maji. Ng'ambo nilitembea. Nikapata bodaboda nyingine, nayo ikazama kwenye tope, nikatembea tena. Na muda wote huo jua linawaka. Hakukuwa na wingu hata la kusingizia. Nililichukia jua lile. Nilikuwa naongea peke yangu njiani, na mama mmoja aliyekuwa anaanika muhogo alinisalimia kwa sauti ya upole, ile tunayowasalimia wagonjwa.

Tindiga niliifikia mchana. Watu walikuwa wamejaa shuleni kwenye mwinuko, na magodoro, na mbuzi, na mifuko ya mahindi iliyolowa. Familia moja ya wafugaji ilikuwa imewafunga ndama kwenye mlingoti wa bendera. Mbele yao hapakuwa na bonde. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, yanang'aa, na juu yake paa za madungu zimeinama huku na huko. La mama halikuonekana, kwa sababu jaruba letu liko nyuma ya matete.

Kaka alikuwa amelowa mpaka kifuani. Alikuwa amejaribu kuingia, akarudishwa na maji. Nilimwendea nikiwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu Mikumi, yeye akainua mkono.

"Msikilize kwanza."

Nikanyamaza. Kutoka nyuma ya matete, juu ya maji, ilikuja mitatu ya haraka, halafu mmoja mzito. Ikanyamaza kidogo, ikaja tena. Nililia, nikacheka, nikamkumbatia kaka ambaye nilikuwa nimekuja kumgombeza. Mama alikuwa hai. Alikuwa juu ya dungu lake anatuita. Jirani yake wa shamba, mwanamke aliyepakana naye majaruba tangu mimi ni mdogo, alikuwa amesimama ukingoni anamwitikia kwa sufuria na mwiko wa chuma, na alikuwa ameshaukunja mwiko wenyewe.

"Tangu asubuhi anapiga," aliniambia. "Mama yako ana mkono."

Mtumbwi ulikuwa mmoja. Mwenyewe ni mvuvi wa kambare kwenye madimbwi ya huko, mtu mwembamba asiyesema sana, na alikuwa anausukuma kwa upondo huku na huko akileta watu wachache wachache. Aliposhusha waliokuwemo, nilimkimbilia.

"Ndugu yangu, nenda nyuma ya matete. Mama yangu yuko pale."

"Namsikia, dada."

"Anaomba msaada!"

"Anapiga. Upande wa mtoni kuna wawili hawajaitikia tangu asubuhi. Naanza na hao."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakukasirika. Alichomeka upondo, akaenda upande wa mtoni. Watu waliokuwa karibu walinitazama, na nilijua wanachofikiri, kwa sababu nimekulia humo humo. Anayepiga atasubiri. Ingekuwa mama wa mtu mwingine, hata mimi ningesema hivyo. Lakini hakuwa mama wa mtu mwingine, na nilimchukia yule mvuvi kwa kuwa na haki.

Basi nikaanza kutembea. Kutoka kwenye mti wa kengele mpaka vyooni, kutoka vyooni mpaka ukingoni. Nilichomeka kijiti penye ukingo wa maji. Nilipozunguka na kurudi, kilikuwa ndani. Nikachomeka kingine. Kaka akaniambia nikae, jirani wa mama akaniambia nikae, mzee mmoja wa msikitini akaniambia niseme "hasbiyallahu" na nikae. Nilisema, lakini sikukaa. Kila mipigo ile ikija nilivuta pumzi, na katikati ya mpigo na mpigo sikuvuta. Maji yalikuwa yanapanda polepole sana, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyokuwa inanitia wazimu.

Mvuvi alirudi na mmoja, mwanamume aliyekuwa hawezi kusimama kwa baridi. Yule mwingine hakumwona. Alipatikana baadaye maji yalipopungua, tukamzika.

Walikuwa bado wanamtoa yule mwanamume mtumbwini mama alipopiga tena. Ikaja mitatu ya haraka. Ule mzito haukuja.

Tulisubiri wote. Jirani wa mama alipiga sufuria yake, akasikiliza. Akapiga tena, akasikiliza. Mtu nyuma yangu alianza kusema "innalillahi" na mwenzake akamziba mdomo. Mimi nilikuwa nimeshaingia majini. Nakumbuka baridi kiunoni na khanga yangu ikivutwa kwa nyuma, kaka ameishika kwa mikono miwili, ananiita jina langu la utotoni ambalo hajaniita tangu nilipoolewa.

Mvuvi hakushuka. Kulikuwa na watu kwenye paa za nyumba za karibu, wanaonekana kwa macho, na alikuwa amewaahidi kwamba wanafuata. Aligeuza mtumbwi akaelekea nyuma ya matete. Wale wa kwenye paa walimwona anawapita. Hakuna aliyepiga kelele. Asiyeitikia huendewa, na sasa alikuwa mama.

Muda ule siwezi kuueleza. Nilikuwa nimezuiwa nisitembee, nami kutembea ndiyo njia pekee niliyonayo ya kuvumilia. Nilimwomba Mungu, nikamwahidi mambo mengi, mengine hata sina uwezo nayo.

Mtumbwi ulitokea upande wa kushoto wa matete, na ndani yake mama alikuwa ameketi wima, khanga kichwani, debe mapajani. Hakuwa na jeraha. Alishuka ameshikwa mkono, akatutazama mimi na kaka tulivyolowa.

"Shikamoo mama," nilisema, maana mdomo wangu haukujua lingine.

"Marahaba. Kibanda umemwachia nani?"

Nikamshika. Alikuwa mwepesi, ananuka tope na nyasi mbichi. Nilimshika mpaka akaniambia namuumiza. Tulipompa chai na kumkalisha juu ya godoro la watu, nilimuuliza.

"Ulichoka mama? Mbona ulinyamaza?"

"Sikuchoka."

"Sisi tulidhani umeshakwenda. Unatuita, unatuita, halafu kimya."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani alikuwa anawaita? Nilikuwa naamia ndege."

Kaka akafikiri mama amechanganyikiwa kwa baridi, akamwekea sukari zaidi. Lakini mama hakuchanganyikiwa. Alitueleza taratibu, akipuliza chai. Jaruba letu la juu lina mwinuko kidogo. Maji yalipofunika ya wenzake yote, lile la kwake lilibaki na mashuke nje. Ndege wa bonde zima walikuwa hawana pengine pa kula, wakaja kwake wote. "Wote," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Nikawapigia. Maji yakapanda, nikawapigia. Yakabaki mashuke matupu yanaelea, na wao wanatua juu yake, nikawapigia. Halafu yakazama."

"Ukaacha kupiga."

"Sasa nipige debe nalinda maji?"

Nilitaka kumgombeza. Nilikasirika kwamba mchana kutwa mtu mzima anapigania punje na kifo kiko chini ya ngazi yake. Lakini nilipoutazama uso wake niliona kwamba huko nyuma ya matete hakuwa amehesabu kifo kabisa. Alikuwa na mpunga wa kuutunza, kisha hakuwa nao. Jioni ile ile mvuvi alituambia dungu letu limekwenda na maji. Kama lile jaruba lingekuwa na mwinuko zaidi, mama angeendelea kupiga, na sisi tungeendelea kumsikia na kusema yu mzima, atasubiri. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi, usiku na mchana, na sijui nimshukuru nani kwa ufupi wa mwinuko ule.

Nikamchukua nikaja naye Mikumi. Kule Tindiga nyumba za udongo ziliyeyuka, visima vikaingiwa na uchafu wa vyoo, na wageni wakaja na mablanketi na maneno mazuri, wakapigwa picha. Maharagwe waliyoleta yalikuwa magumu kuiva, lakini tuliyala. Redio haikuitaja Tindiga tena kwa muda mrefu. Kimbunga kilikuwa cha watu wa pwani.

Mama alikaa kwangu, akanisaidia kukata vitunguu. Mimi nilipika wali wa mchele wa dukani, na yule dereva wa Zambia alionja, akasukuma sahani mbele, akaniuliza nani amekufa. Siku moja nilianika mchele huo kwenye mkeka baada ya kuumwagia maji kwa bahati mbaya. Wakashuka ndege, hawa tu wa mjini, wakaanza kula mama akiwa ameketi pembeni yao kabisa.

"Mama, ndege!"

Hakuinua hata mkono. "Waache wale. Si wangu huo."

Hapo nilijua kwamba ataondoka. Nilimbishia kwa kila namna. Nilimwambia maji yatarudi, nilimwambia ana umri gani, nilimwambia nina watoto wanaomhitaji bibi yao. Alisikiliza yote. Mwishoni akasema, "Nikae hapa nihesabu malori?" Msimu uliofuata kaka alimjengea dungu jingine, refu kuliko la kwanza, akamnunulia na simu mpya, na nadhani aliamini kwamba ametatua tatizo.

Mimi sikutatua kitu. Sasa mvua ikinyesha popote ninapokusikia, hata mikoa nisiyoweza kuionyesha kwenye ramani, nauliza wateja wanaotoka huko inashuka upande gani. Jua likitoka ndiyo nasumbuka zaidi. Na mpunga ukitoa mashuke nampigia mama kila asubuhi, yeye anaongea na mimi huku mkono mmoja unapiga, ananieleza habari za majirani, na mimi nusu ya maneno siyasikii kwa sababu nasikiliza kilicho nyuma yake.

Juzi tulikuwa tunaongea hivyo, mimi nimesimama kati ya kibanda na barabara, debe likanyamaza.

"Mama?"

"Nipo. Mkono unauma, nimeweka ubao chini."

"Piga."

"Ndege hawapo saa hizi."

"Piga hivyo hivyo, mama."

Aliguna. Nikamsikia anatafuta ubao, anauangusha, anauokota tena. Kisha ikaja mitatu ya haraka, na ule mzito. Nikavuta kigoda, nikakaa.